Mwavuli wa Fundi Pasi

Saa nne kasoro asubuhi, siku ya Alhamisi, mwanamume asiyejulikana hapa anasimama mlangoni na kugonga ubao wa mlango ambao tayari uko wazi. Viatu vyake vimekaukiwa na saruji. Mkononi ameshika kitu kidogo alichokifunga kwa gazeti, kisha kwa mfuko wa plastiki, kisha kwa gazeti tena.

"Hodi hapa. Ndipo kwa Fundi Pasi?"

"Ndipo. Karibu, baba," anajibu mwanamke aliye kwenye cherehani, bila kuondoa mguu kwenye pedali. "Kama ni suruali ya kupunguza nikwambie mapema, wiki hii nimebanwa."

"Si suruali."

Anaitazama cherehani, anatazama rundo la kitambaa cha zambarau mezani, anamtazama mwanamke wa pili aliyeketi kwenye mkeka akikata nyuzi, kisha anaishia kutazama viatu vyake mwenyewe.

"Sema tu, baba," anamhimiza yule wa mkekani, ambaye ni wifi yake fundi. "Humu ndani tumeshaona mengi. Juzi mtu alileta soksi moja itiwe zipu."

Mgeni anatabasamu kidogo. Anaweka kile kifurushi juu ya meza, mbali kidogo na kile kitambaa cha zambarau, kama mtu anayeogopa kuchafua.

"Nina binti," anasema. "Shuleni kwao walipewa mifuko. Ile ya mambo ya kike. Nimeambiwa inashonwa hapa." Anakisogeza kifurushi upande wa fundi. "Sasa hiki kitu kinavuja, mama. Lakini sikuja kugomba. Nadhani kosa ni langu."

Fundi anaondoa mguu kwenye pedali.

Mwanamume huyu ni mwashi. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita na kumwachia binti mmoja, ambaye sasa ana miaka kumi na minne. Jumatatu ya wiki hii binti alichafuka akiwa darasani. Mwanafunzi aliyekaa nyuma yake alisogeza dawati. Hakusema kitu, alisogeza dawati tu, na sauti ya miguu ya dawati kwenye sakafu iliwafanya wote wageuke.

"Alirudi nyumbani saa tano. Tangu siku hiyo hajatoka," anaeleza mwashi. "Madaftari ameyafunga kamba, ameyaweka juu ya kabati. Ananiambia, baba, mimi na shule basi. Nikauliza, nikauliza, mwisho akaniambia. Hebu fikiria, mtoto wa kike kumwambia baba jambo kama hilo."

Ndipo anapolitaja kosa lake. Kadi iliyo ndani ya mfuko inasema vitambaa vianikwe juani. Yeye alimwambia binti aanike juu ya bati la choo, kwa sababu bati lina joto kuliko kamba. Anaamini bati limeunguza. Amekuja kuomba nyingine, na kuelekezwa vizuri jinsi ya kuanika.

Fundi anafungua gazeti, plastiki, gazeti. Ndani yake mna ngao moja, iliyofuliwa vizuri na kukunjwa mara nne.

Ngao ndilo jina wanalotumia hapa kwa kile kipande chenye mabawa mawili na kifungo cha kubonyeza, kinachovalishwa kwenye chupi. Juu yake hukaa vitambaa vya flaneli vya kunyonya, vinavyobadilishwa na kufuliwa. Ndani ya ngao, kati ya kitambaa cha juu na cha chini, kuna bitana nyembamba isiyopitisha maji. Bitana hiyo ndiyo kazi yote. Ikishindwa, vingine vyote ni mapambo.

Fundi anachukua kikombe, anamimina maji kidogo katikati ya ngao na kuinyanyua. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha tone moja linaanguka sakafuni, na la pili, na la tatu.

Anachukua wembe. Anafumua mshono wa pembeni, anageuza nje ndani na kwenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Bitana imepasukapasuka kama matope yaliyokauka. Na katikati ya nyufa hizo kuna alama inayong'aa, yenye umbo la ncha ya pasi, na upande wa kushoto wa ncha hiyo kuna pengo dogo.

Pasi ya mkaa iliyo juu ya dirisha la chumba hiki ina pengo dogo upande wa kushoto wa pua yake. Iliangushwa mwaka wa kwanza wa ndoa ya fundi na haijawahi kubadilishwa.

Wifi ameiona pia. Anamtazama fundi. Mwashi hajui lolote, bado amesimama akisubiri kuambiwa jinsi ya kuanika.

Ingekuwa rahisi. Mtu amekuja na kosa lake mwenyewe mkononi, ameomba radhi kabla ya kushutumiwa. Ilibaki kumpa ngao nyingine, kumwambia atumie kamba, na kumsindikiza.

"Si bati, baba," anasema Fundi Pasi. "Ni mimi."

*

Ana miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu ambao wote wameshahama nyumbani. Kwa miaka ishirini na mbili ameshona sare za shule katika chumba hiki chenye mlango mmoja na dirisha moja, na jina lake la ubatizo hapa mtaani limesahaulika. Wanamwita Fundi Pasi kwa sababu hakuna nguo inayotoka kwake bila kupigwa pasi, hata kama mteja ameleta kifungo kimoja kilichong'oka.

"Watu walikuwa wanamletea shati la kazi abadilishe ukosi, akirudisha limenyooka mpaka mwenye shati anaona aibu kulivaa," anasimulia wifi yake, ambaye alikuwa akiuza mboga kabla magoti hayajamkataza kutembeza. "Kaka yangu alipomwoa alidhani amepata bahati. Baadaye tukamkuta anapigiwa pasi taulo."

Mifuko ya wasichana ilianza miaka mitano iliyopita, na ilianza na sketi. Msichana mmoja alikuja peke yake na kitambaa cha sare, akaomba ashonewe sketi yenye kitambaa mara mbili upande wa nyuma. Mara mbili nyuma, mara moja mbele. Fundi alimwambia sketi ya namna hiyo itaning'inia vibaya. Msichana akasema si kitu, ining'inie.

"Nikamuuliza kwa nini, akanyamaza. Nikashona. Amekwenda zake ndipo nikaelewa," anasema. "Niliona haya. Mimi mwanamke mzima, nimeshona sketi za wasichana miaka kumi na saba, na sikuwahi kujiuliza wanakaaje ndani yake."

Tangu hapo, Jumamosi zote ni za mifuko. Kila mfuko una ngao mbili, vitambaa vinane vya flaneli, chupi mbili, kipande cha sabuni na kadi ya maelezo. Hakuna anayelipwa. Vitambaa vya juu vinatoka kwenye mabaki ya sare, flaneli wanachangiwa na wanawake majirani wanaoleta mashuka yao ya zamani, na bitana ananunua mwenyewe. Kufikia sasa wametoa mifuko mia tisa na kumi na miwili katika shule sita. Idadi hiyo imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, na kila inapobadilika wifi hufuta kwa kiwiko.

Mwaka huu bitana ya zamani iliadimika. Fundi akapata nyingine sokoni, nyembamba zaidi na laini. Aliijaribu kwa maji kabla ya kushona, ikashika. Akashona ngao mia moja na ishirini na nane, za wasichana sitini na wanne wa shule moja. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote. Akawasha mkaa, akazipiga pasi moja baada ya nyingine, akazikunja mara nne.

"Ile bitana ya zamani ilivumilia moto. Hii haikuvumilia, na kwa nje huwezi kuona," anasema. "Nilijaribu kabla ya pasi. Baada ya pasi sikujaribu. Nani anajaribu nguo ikishapigwa pasi? Ikishapigwa pasi imekwisha."

*

Mwashi anasikiliza mpaka mwisho. Inaonekana habari hii inampa nafuu na kumletea ugumu mpya kwa wakati mmoja.

"Kwa hiyo nikimwambia hakuharibu yeye, wala mimi, ataelewa," anasema polepole. "Lakini kurudi shule ni jambo jingine. Ataniuliza, je hiyo nyingine?"

"Mwambie Jumatatu aende. Kabla ya kengele ya kwanza nitakuwa getini na ngao mpya. Zake na za wenzake wote."

Wifi anakohoa. Ni kikohozi cha mtu anayetaka kusikika.

"Jumatatu hii, mama?"

"Hii."

"Nimwambie kweli? Maana nikimwambia na isiwe, sitakuwa na la kumwambia tena."

"Mwambie."

Mwashi anashukuru, anaondoka. Hajafika barabarani wifi ameshasimama, magoti yakilia.

"Fundi Pasi, una homa? Leo Alhamisi. Bitana huna, na ile nyembamba ya sokoni nani ataiamini tena? Na hayo majoho ya kwaya nani atashona, malaika?"

Kitambaa cha zambarau kilicho mezani ni cha majoho ishirini ya kwaya, ya kuvaliwa Jumapili hii hii. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizopata mwaka huu, na malipo yake yangetosha kodi ya chumba hiki kwa miezi miwili. Tisa yameshakatwa. Hakuna lililoshonwa likaisha.

Fundi anachukua simu. Anampigia simu mwalimu mlezi wa wasichana wa shule ile, mwanamke mwenye sauti ya haraka. Anamuuliza kama kuna wasichana waliokosa masomo wiki hizi tatu, tangu mifuko ilipotolewa. Mwalimu anafungua daftari la mahudhurio. Anahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, huyu siku mbili, huyu tatu. Saba.

"Nilidhani ni mafua," anasema mwalimu. "Waliniambia mafua."

Simu inapokatika, fundi anaiweka juu ya meza.

"Wasichana sitini na wanne," anasema baadaye. "Wameona kitu kinavuja, kila mmoja akadhani ni yeye. Ni mwili wake, ni ufuaji wake, amekaa vibaya. Aliyekuja kusema ni baba mmoja, na yeye alikuja kujishtaki."

*

Ijumaa asubuhi katibu wa kwaya anafika, mama mwenye kanga iliyofungwa vizuri na mkoba kwapani. Fundi amemwita mwenyewe. Amekunja kitambaa chote cha zambarau, kilichokatwa na kisichokatwa, akakifunga kwa uzi.

"Sitaweza kumaliza kwa Jumapili, dada. Nimemwuliza fundi wa mtaa wa nyuma, ana cherehani tatu na vijana wawili wa kumsaidia. Anaweza. Nimekata tisa, hayo ni zawadi yangu."

"Zawadi?" Katibu anaweka mkoba chini. "Wewe si ulinitazama machoni ukaniambia Jumamosi mchana nipitie majoho?"

"Nilikuambia."

"Na sisi siyo watu? Hiyo ahadi tuliiota?"

"Niliwaahidi na ninyi. Kwenu ninavunja. Sina namna nzuri ya kulisema."

"Basi usituone tena na sare za watoto wetu."

"Nimesikia, dada."

Katibu anabeba furushi lake. Akiwa mlangoni anageuka na kuuliza ni kazi gani hiyo yenye thamani kuliko ya kwaya. Fundi anamwambia, kwa maneno machache na bila kuficha. Katibu analikaza furushi kifuani. Hasemi amesamehe, wala hasemi hajasamehe. Anaondoka na kitambaa chake.

"Alikuwa na haki," anasema fundi. "Msimwandike kama mtu mbaya. Ningekuwa yeye ningesema makali zaidi."

Tatizo la bitana linatatuliwa na wifi, na kwa njia ya hasira. Akiwa bado ananung'unika, anasema wangekuwa na akili wangeshona ngao za mwavuli, maana hakuna aliyewahi kuona mwavuli unaopigwa pasi. Anasikia alichokisema. Fundi ameshainuka kwenda sokoni.

Fundi miavuli anakaa pembeni mwa soko, kwenye stuli, amezungukwa na mifupa ya miavuli kama mtu aliyechinja buibui wakubwa. Yeye hutumia vyuma. Vitambaa vya miavuli iliyokufa huwa anavirundika ndani ya gunia kwa ajili ya siku ambayo haijafika.

"Nakuomba vitambaa," anasema Fundi Pasi.

"Vya nini? Unashona hema?"

"Pedi za kufua. Za wasichana wa shule."

Mzee anasafisha koo. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anashika koleo lake kama linahitaji kushikwa.

"Mama, mimi nimeuliza kama salamu tu."

"Na mimi nimejibu kama salamu, baba."

"Usimwogope," wifi anamwambia mzee. "Wewe kazi yako ni kuzuia mvua isimpate mtu. Na sisi ndiyo kazi yetu, tumehamia tu mtaa wa chini."

Mzee anacheka mpaka stuli inalia. Anamwaga gunia lote. Miavuli kumi na minane: myeusi, ya maua, ya mistari, mmoja una picha ya bata. Anakataa kulipwa, ila anaomba ule wa bata usipewe mtoto mkubwa, atachekwa.

*

Kazi ni hii. Kila mwavuli una vipande vinane vya pembe tatu. Kila kipande kinafumuliwa kwa wembe, kinafuliwa, kisha kinatandazwa juu ya beseni na kumiminiwa maji ya kikombe kimoja. Wifi anahesabu polepole mpaka mia moja. Kipande kikidondosha hata tone moja, kinatupwa. Kikishika, kinawekwa juu ya kigezo cha kadibodi na kukatwa.

Fundi anashona. Mguu unakanyaga, mkono wa kushoto unasukuma, wa kulia unageuza. Kitambaa cha mwavuli kinateleza, hakipendi sindano. Kila baada ya ngao tatu anasimama, anashika kiuno kwa mikono miwili na kujinyoosha hadi mfupa mmoja wa mgongo ulie, kisha anakaa tena. Vidole vyake vya kushoto vimefungwa plasta mbili. Macho yanamtoka machozi ambayo si ya huzuni, ni ya kutazama sindano.

Ngao ikiisha, mkono wake unaelekea dirishani wenyewe, kwenye pasi. Mara ya kwanza wifi anamzaba kofi mkononi. Mara ya nne anachukua pasi ile, anaitoa nje na kuificha chini ya karai.

"Zimekunjamana," analalamika fundi. "Tazama hii. Kama imetoka mdomoni mwa ng'ombe."

"Ikunjamane. Hakuna anayekwenda nayo harusini."

Anaulizwa na mwandishi wa habari hii kama kazi hii inampa furaha. Analainisha ncha ya uzi mdomoni.

"Watu wakija hapa wanapenda kuandika kwamba natabasamu," anasema. "Mimi nimechoka. Andika hivyo. Jumamosi zangu miaka mitano sijazilala. Kuna siku namwona mtu anakuja na shuka la flaneli kunichangia, najificha nyuma ya mlango, kwa sababu najua likiingia ndani ni kazi. Furaha ipo, sikatai. Inakuja siku moja, nusu saa. Siku nyingine zote ni mgongo."

Anakata uzi kwa meno.

"Lakini ukiacha, yule aliyetaka sketi ya mara mbili nyuma, unamwambia nini?"

Mpango wake anao, na si mkubwa. Anataka mwakani afundishe wasichana wakubwa wa shule mbili kujishonea, ili yeye abaki kukata tu. Ameshaomba cherehani mbili kuukuu kwa fundi mwenzake anayestaafu. Na kadi ya maelezo ameshaibadilisha. Chini ya mistari ya kufua na kuanika ameongeza mistari miwili kwa mwandiko wake: *Usipige pasi. Ikivuja si kosa lako, irudishe.*

"Huo wa pili ungekuwepo tangu mwanzo," anasema, "wasichana saba wasingeugua mafua."

*

Jumapili saa nane mchana, wifi anahesabu mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuipenda.

Miavuli kumi na minane imetoa vipande mia moja na arobaini na vinne. Ishirini na vinne vimeanguka mtihani wa beseni. Vimebaki mia moja na ishirini, na vyote vimeshashonwa au vinangojea zamu. Zinahitajika ngao mia moja na ishirini na nane. Zimepungua nane, yaani wasichana wanne.

Fundi miavuli hana tena, gunia lilikwisha. Maduka ya vitambaa yamefungwa.

"Wanne watapata wiki ijayo," anasema wifi. "Mwalimu ataelewa."

"Wanne wepi?"

"Wowote."

"Wewe chagua. Nitajie ni yupi asogezewe dawati."

Wifi anakusanya ngao alizozihesabu. Anajua fundi anatazama wapi, kwa hiyo yeye anatazama pengine.

Juu ya cherehani, kwenye msumari, unaning'inia mwavuli mweusi mkubwa wenye mpini wa mbao. Binti mkubwa wa fundi aliuleta mwaka juzi, aliponunua kitu cha kwanza kwa mshahara wake wa kwanza. Mtaa mzima unaujua. Haujawahi kuazimwa. Jirani aliyekuwa na mgonjwa siku ya mvua alipewa koti, akapewa plastiki la meza, mwavuli hakupewa.

"Mimi wifi yake wa damu sijawahi hata kuufungua," anasema wifi. "Niliugusa mara moja nikifuta vumbi, akaniuliza natafuta nini."

Fundi anautungua. Anaufungua palepale ndani ya chumba, unajaa kutoka ukuta hadi ukuta. Anauzungusha mara moja, polepole. Kisha anaukalisha kwenye mapaja kama mtoto anayenyolewa na kuanza kukata nyuzi zinazoshika kitambaa kwenye vyuma.

"Wewe, subiri kwanza. Utamwambia nini mtoto?"

"Nitamwambia kitambaa chake kilikuwa kizuri."

Vipande vinane vyote vinashika maji. Wifi anahesabu mpaka mia moja kwa kila kimoja, hata pale ambapo hakukuwa na haja.

Jua halijazama bado wanapofunga kifungo cha mwisho. Hakuna anayeshangilia. Wifi anajilaza kwenye mkeka palepale alipo, miguu juu ya stuli. Fundi anafuta chaki nyuma ya mlango, anasita, kisha anaandika namba ileile iliyokuwapo. Mifuko haijaongezeka. Imetengenezwa tu iwe vile ilivyopaswa kuwa.

*

Jumatatu alfajiri mvua inanyesha.

Si manyunyu. Ni mvua ya kweli, yenye sauti kwenye mabati na mito midogo kando ya barabara. Fundi Pasi anasimama mlangoni kwake saa kumi na mbili na nusu, gunia la ngao limefungwa ndani ya plastiki la meza, mara mbili, na kukazwa kwa kamba. Anatazama juu. Kwa mazoea anageuka kuutafuta msumari. Kwenye msumari umebaki mpini wa mbao na vyuma vyake.

"Ngoja ikatike," wifi anaita kutoka ndani.

"Kengele haingoji ikatike."

Analibeba gunia kichwani, anatoka. Shule iko mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mwenye mgongo mzima. Kwenye kona ya pili viatu vimejaa maji, anavivua na kuvishika mkononi. Kitu pekee kisicholowa katika safari hiyo yote ni gunia.

Getini, chini ya paa dogo la mlinzi, mwashi ameshafika. Kandoni mwake amesimama msichana mwembamba aliyejifunika kichwa kwa mfuko wa saruji uliochanwa pembeni. Madaftari ameyakumbatia, bado yamefungwa kamba.

"Shikamoo, shangazi," anasema msichana, kwa sauti ambayo mvua karibu iimeze.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

"Baba alisema utakuwepo." Anamtazama fundi tangu kichwani mpaka kwenye miguu yake mitupu, maji yakimtiririka kwenye nyusi, kwenye pua, kwenye vidole. "Umelowa mwili mzima."

"Nitakauka."

Anafungua kamba, anapenyeza mkono ndani ya plastiki, anatoa ngao moja nyeusi. Mwashi anageuza uso na kutazama barabara kwa makini sana, kana kwamba barabara imemwita.

Msichana haipokei. Anaitazama.

"Haivuji?"

Fundi anasogea ukingoni mwa paa. Anaitandaza ngao juu ya kiganja chake, anatoa mkono nje ya paa, kwenye mvua. Matone yanaanguka, yanakusanyika katikati, yanakuwa kidimbwi kidogo kinachotikisika. Anasubiri. Msichana, bila kuambiwa, anaanza kuhesabu kwa midomo. Anahesabu mpaka maji yanajaa na kumwagika pembeni.

"Shika chini," anasema fundi.

Msichana anapenyeza vidole viwili kati ya ngao na kiganja kilichokunjamana kwa maji. Vinabaki humo kwa muda.

"Pakavu," anasema.

Anamwaga maji yake, anaikung'uta mara mbili, anaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa sketi. Anavua mfuko wa saruji kichwani na kumkabidhi baba yake. Kisha anaanza kufungua kamba ya madaftari kwa meno, kwa sababu fundo limelowa.

Mwalimu mlezi anakuja mbio kutoka ofisini kupokea gunia. Kengele ya kwanza inalia. Msichana anavuka geti bila kugeuka nyuma.

Fundi Pasi anakamua upindo wa gauni lake, anachukua viatu vyake mkononi na kuanza safari ya kurudi, katikati ya mvua.